Machozi ya Bibi Mkulo

Bibi Mkulo alianza kulia kabla fidla hazijakaa sawa, na Stamili Shemdolwa, kiongozi wa Okestra ya Msitu wa Kwemzinga, alilazimika kuinua kifimbo chake huku kamba za kiatu kimoja hazijafungwa. Ndivyo alivyokuwa mti ule. Hakuwa na desturi ya kumngoja mtu.

Vioo vidogo vilivyosimama mbele ya wapigaji viliwaka, noti zikaanza kupanda kutoka chini kwenda juu, maana ndiko zilikotoka: ardhini, ambako nyaya za kinasa mizizi zilikuwa zimezikwa kutoka mti hadi mti. Chochote ambacho miti iliambiana huko chini, kinasa kilikidaka na kukigeuza muziki, na okestra ikaupiga papo hapo. Mazoezi hayakuwapo. Utafanyaje mazoezi na mtunzi aliyeota kabla babu wa babu yako hajazaliwa, na ambaye hajawahi kukubali kusahihishwa hata noti moja?

Kilio kilianzia kwenye besi ya Mhina, kikanguruma humo kidogo kama mtu anayejizuia, kisha kikapanda kwenye fidla, na kilipofika kwenye zumari kikaacha kabisa kujizuia. Watu walioketi kwenye nyasi wakatoa leso. Stamili mwenyewe, ambaye alikuwa amekiongoza kilio hicho, noti zikirushwa kutoka msituni, katika miji mikubwa ya nchi saba na kila mara akaapa kwamba safari hii hatalia, akalia.

Hapo ndipo Bi Sikudhani Mbelwa alipoinuka.

Bi Sikudhani aliuza kabichi sokoni siku sita za wiki, na ya saba alikuwa mwenyekiti wa watunzaji. Alipanga kanga yake vizuri begani, akajitwika ndoo ya maji, akaja mbele kwa ule mwendo wa kutunza, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma, kiuno kikijibu ngoma, huku akinamama wengine wakimpigia vigelegele. Alipofika penye shina la Bibi Mkulo aliishusha ndoo, akamtazama mti usoni kama wanavyotazamwa waimbaji wakubwa, akammwagia maji yote mizizini.

"Pokea, mama, pokea!" alisema. "Usilie peke yako, tupo."

Wengine wakafuata na ndoo zao. Mwimbaji akikugusa moyo, unainuka unamtunza. Huo ndio ustaarabu, na watu wa Kwemzinga hawakuona sababu ya kuuacha eti kwa kuwa mwimbaji ana majani. Kwa kuwa mti hauna mfuko, walimtunza kwa kitu alichokihitaji. Na maji hayakuwa mchezo. Mvua za vuli zilikuwa zimeshasahau njia ya milimani, na mlima mzima ulitegemea nyavu za ukungu zilizotandazwa kileleni, ambazo zilidondosha matone yake katika tangi moja tu. Kila mwaka, kwenye onyesho la mwisho kabla ya kiangazi, palipomwagwa ndoo nyingi ndipo bomba la tangi lilipofunguliwa hadi mvua irudi. Ndoo ndiyo iliyokuwa kura. Na kwa miaka yote ambayo Stamili aliikumbuka, kura zilikwenda kwa Bibi Mkulo, aliyelia kuliko wote.

Onyesho la mwisho lilikuwa Jumamosi inayofuata.

Watu walipokwisha kutawanyika, Stamili alikwenda kuuaga mti, kama kawaida yake. Alikuwa akiuwekea kiganja kwenye gome na kusema asante. Safari hii hakufika kwenye gome. Kiatu kile ambacho hakikufungwa kilizama. Alipojaribu kukichomoa, mguu ulitoka na kiatu kikabaki, na alipoinama kukitafuta mkono wake ukapotea hadi kwenye kiwiko.

Matope yalikuwa ya baridi, mazito, yananukia vizuri. Chura mmoja alipita karibu na uso wake bila haraka, chura mnene mwenye afya njema.

Stamili akatazama juu, kwenye matawi ya yule mgonjwa wa kiu aliyeliza nchi saba. Majani yalikuwa ya kijani mpaka yanang'aa.

"Bibi," alisema taratibu. "Unalia nini?"

*

Hoza, fundi wa kinasa, alikuwa katika kibanda chake cha mitambo akila bisi. Alimwona kiongozi wake akiingia na kiatu kimoja na matope hadi begani, akaona ni busara asiulize.

"Kaka Hoza, nionyeshe Bibi Mkulo alivyokuwa analia miaka ya kwanza, kabla watu hawajaanza kumtunza."

Hoza alisukuma bakuli la bisi pembeni, akafungua kumbukumbu za zamani. Msitu wa wakati ule ulikuwa ukivuma tu, kwa sauti nene ya usingizi. Kisha ukaja mwaka mmoja mkavu, Bibi Mkulo akatoa mlio mmoja mrefu wa huzuni, mmoja tu. Siku ile mtu fulani akammwagia ndoo. Wiki iliyofuata akalia mara mbili. Akamwagiwa mara mbili. Mwezi ulipokwisha alikuwa ameshajua kuanza chini na kumalizia juu, na kupumzika kidogo katikati ili watu wapate nafasi ya kutoa leso.

Hoza akakuna kichwa. "Dada Stamili, huyu hana kiu. Huyu ana kipaji."

Stamili aliketi juu ya kreti. Alijisikia vibaya, vibaya hasa, kama mtu aliyegundua kuwa barua zote za mapenzi alizoandikiwa ziliandikwa na mtu anayetaka kupikiwa. Miaka yake yote ya utu uzima alikuwa ameutumia mkono wake wa kulia kutafsiri uchungu wa mti, na mti haukuwa na uchungu wowote. Ulikuwa na hamu ya kula.

"Sasa mwenye kiu ya kweli analiaje?" aliuliza mwishowe.

Hoza aliitazama swichi moja ndogo ukutani, iliyofungwa kwa utepe mwekundu, halafu akatazama pengine.

"Kuna takataka fulani," alisema. "Toka tufunge mitambo. Inatoka Ng'ambo, kwenye ule mteremko wa juu nyuma ya uwanja. Kelele tupu, inaharibu muziki. Niliitegea chujio."

"Toa chujio."

Akatoa. Kibanda kikajaa mlio mkavu, usio na mpangilio. Ta. Ta-ta. Kimya. Ta. Ta-ta-ta. Ta. Ulikuwa mlio wa bisi zikipasuka chunguni, na Hoza aliutazama mkono wake uliokuwa tena kwenye bakuli, akautoa.

Wote wawili walijua ni nini, maana wote wawili walisoma jambo hilo chuoni kisha wakalisahau. Mti hunywa kwa kuvuta. Maji hupanda ndani ya mirija myembamba kuliko unywele, kutoka mzizini hadi kwenye jani la juu kabisa, kama uzi mmoja usiokatika. Udongo ukikauka, mti huzidi kuvuta, na huvuta mpaka uzi unakatika, na pale unapokatika hewa hupasuka: ta. Kila ta ni mrija mmoja uliokufa. Wala mti hausemi kitu na mtu yeyote wakati huo. Ndiyo namna unavyokufa, basi.

"Ng'ambo kuna miti ya mipodo," alisema Stamili. "Ile ya zamani kuliko yote."

"Ipo, na inapasuka. Ikikosa bomba kiangazi hiki..." Hoza alisikiliza kidogo, na uso wake, ambao ulikuwa wa mtu mchangamfu, ukabadilika. Halafu wazo likamwingia, akasogeza kiti. "Lakini sikiliza, dada. Hakuna atakayeitunza kelele hii. Wewe niachie mimi. Kila ta nitaigeuza noti ya zumari. Nitanyoosha mdundo, nitaweka fidla chini yake, nitatia chumvi kidogo. Watalia wote! Bi Sikudhani ataleta pipa. Mipodo itapata maji, okestra itabaki na jina lake, na Bibi Mkulo hataaibika."

Akabonyeza vitufe viwili vitatu ili amwonjeshe. Ilikuwa nzuri ajabu. Kifo cha mipodo kiliteremka kama umande, kikapinda kona, kikapanda tena kwa majonzi yaliyopangika, na Stamili akahisi machozi yakimjia tayari, yanaijua njia.

Hayo machozi ndiyo yaliyomtisha.

Na ungekuwa wewe? Miti ya kweli, kiu ya kweli, dawa yenyewe uongo mdogo mtamu ambao usingemdhuru mtu. Stamili alilizungusha jambo hilo kichwani na kila upande ulikuwa na mwiba. Akiipamba, mipodo itakunywa. Asipoipamba, huenda wasikilizaji wakacheka, wakamwaga ndoo palepale wanapomwaga siku zote, na mteremko mzima ukauke kwa sababu kiongozi wa okestra alijiona msafi. Lakini akiipamba, mwakani itabidi aipambe zaidi, maana Bibi Mkulo naye hatakaa kimya. Watashindana kulia, yeye na Hoza upande mmoja na mti upande wa pili, na hapatakuwa na mtu katika mlima wote atakayejua nani hasa ana kiu.

"Usiipambe," alisema.

"Dada!"

"Nimeshadanganywa kwa muziki mzuri, kaka. Sitaki kuwafanyia wenzangu." Akainuka, akachechemea hadi mlangoni kwa kiatu chake kimoja. "Lakini usiifute hiyo uliyotengeneza. Iache karibu."

Maana yeye pia alikuwa binadamu.

*

Jumamosi alasiri uwanja ulijaa hadi kwenye mipaka ya mashamba ya chai. Bi Sikudhani alikuwa mstari wa mbele na ndoo mbili.

Stamili aliwaamkia wazee, akasema kwamba leo okestra itaanza na miti ya Ng'ambo, ambayo haijawahi kusikika, akainua kifimbo. Vioo vikawaka. Mpiga fidla wa kwanza alikitazama kioo chake, akamtazama Stamili, akakitazama tena. Kisha akadonoa waya mmoja kwa ukucha. Ta.

Mwenzake akasubiri, akadonoa. Ta-ta. Mwenye marimba akagonga mara moja, akakaa bure kwa muda mrefu sana, akagonga tena. Mpiga tarumbeta hakupewa chochote. Aliliweka tarumbeta mapajani, akawa anawatazama ndege.

Wasikilizaji walivumilia, maana ni watu wenye adabu. Halafu wakaanza kukohoa. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa sauti kama mitambo imeingia panya. Bi Sikudhani alijiinamisha mbele.

"Mwanangu Stamili, mmeharibu nini?"

"Shikamoo, Bi Sikudhani. Hatujaharibu. Hiyo ndiyo sauti ya kiu. Mipodo inakauka."

"Marahaba. Inakauka ndiyo inagonga hivyo? Mbona hailii?"

Stamili akafungua kinywa aeleze habari za mirija, na hapo hapo Bibi Mkulo akalia.

Labda ni kwa sababu alihisi nyayo nyingi juu ya mizizi na hakuhisi maji. Kwa vyovyote, hakuwahi kulia namna ile. Noti zilifurika kwenye vioo vyote, na wapigaji, ambao mikono yao ilikuwa na mazoea kuliko vichwa vyao, wakaziangukia kwa shukrani. Besi ikanguruma, zumari ikapasua anga. Mpiga tarumbeta aliruka kama mtu aliyeitwa chakulani. Ule mdonoo wa Ng'ambo ulizama kabisa. Uwanja mzima ukashusha pumzi, leso zikatoka, watu wakaanza kuinuka na ndoo zao, na vigelegele vikaanza.

Kutoka mlangoni mwa kibanda Hoza alimwonyesha Stamili kidole kilichokuwa juu ya kitufe. Macho yake yalisema: niipambe? Bado tunawahi.

Stamili alitikisa kichwa kukataa. Akautazama mti alioupenda, akausikia unavyoimba, na kwa kweli uliimba vizuri kupita siku zote. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya katikati ya muziki. Alishusha mkono, akakiweka kifimbo chini kwenye nyasi.

Fidla zikasita, zumari ikafa katikati ya kwikwi. Mmoja baada ya mwingine wapigaji wakanyamaza, noti zikaendelea kumwagika kwenye vioo bila mtu wa kuzipiga, na kukabaki mlio wa Ng'ambo tu, kwenye spika ya kibanda cha Hoza: ta. Ta-ta. Ta.

Watu wakasimama na ndoo vichwani, wameudhika. Stamili alitaka kusema, "Ameshiba, anawadanganya," lakini hakuthubutu. Hapo penye kivuli cha mti ule ndipo wazee wale walipooana. Mtoto wa mlima ule angewaambiaje wazee mbele ya watu kwamba bibi yao ni mwongo?

Mtoto wa mlima asingeweza. Lakini Mhina wa besi alikuwa Mzigua.

Mzigua kwa Msambaa ni mtani, na mtani hana mipaka. Anaweza kukutukana msibani ukamshukuru. Mhina alilaza besi yake, akatembea hadi shinani, akajitumbukiza makusudi hadi magotini, akainua mguu mmoja uliovaa soksi ya matope.

"Jamani Wasambaa, nawahurumia!" alipaza sauti. "Mmelogwa na kuni! Kwetu Handeni mti wenye kiu hupukutika majani. Huu wenu umenenepa kama bwana harusi, unapiga fidla, na nyinyi mnaulisha! Nileteeni mpunga nipande hapa, tutavuna kabla ya Idi!"

Kicheko kikapasuka. Hakuna aliyekasirika, maana kumkasirikia mtani ni ushamba, mtani hujibiwa. Na wa kujibu alikuwa mwenyekiti wa watunzaji.

"Wewe Mzigua mla mihogo!" Bi Sikudhani alitua ndoo zake, akajishika kiuno. "Matope umeyajulia wapi wewe, kwenu si vumbi mnanawia? Hayo ni maji tuliyomwaga wiki iliyopita. Chini yake pakavu, nitakuonyesha!"

Akapandisha kanga, akapiga hatua tatu za heshima hadi shinani, akakanyaga kwa nguvu ili apate ule udongo mkavu wa chini.

Hakuupata. Alishuka, akaendelea kushuka, na aliposimama alikuwa amelingana urefu na wajukuu zake. Chura mnene akamrukia begani.

Ta, ilisema Ng'ambo. Ta-ta.

Bi Sikudhani alimtazama chura. Akautazama mti, kwa muda mrefu, kama mke anavyomtazama mume aliyesema ametoka kazini. Kisha akageuza kichwa kuelekea Ng'ambo, akausikiliza ule mlio mkavu sasa kweli kweli.

"Na wale muda wote huo walikuwa wanagonga?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Muda wote, Bi Sikudhani," Stamili alijibu. "Tuliwawekea chujio."

"Nivuteni!" alisema Bi Sikudhani.

Walimvuta, Mhina mkono mmoja na mpiga tarumbeta mkono wa pili, akatoka kwa mlio ambao kinasa kilijaribu kuuandika kama noti. Akajitwika ndoo, akashika njia ya Ng'ambo. Ilikuwa kali, ya mawe, na alilalamika kila hatua, juu ya magoti yake, juu ya Wazigua, juu ya watu waliosomea mitambo. Lakini alipanda, na uwanja mzima ukapanda nyuma yake na ndoo, bila vigelegele wala mwendo wa kutunza. Bomba likafunguliwa Ng'ambo kabla jua halijatua.

*

Onyesho la kwanza baada ya kiangazi, mvua iliporudi, lilikuwa na sheria mpya: kidole udongoni kwanza, ndoo baadaye. Mipodo ya Ng'ambo, baada ya kunywa, iliacha kupasuka na kutoa sauti moja nene, ndefu, isiyo na haraka, kama watu wanaokoroma baada ya pilau. Nusu ya wasikilizaji walilala kwenye nyasi. Hakuna aliyetunza, wala hakuna aliyehitaji kutunzwa. Stamili aliiongoza akitabasamu, akaona kwamba hajawahi kuongoza kitu bora.

Kisha kutoka upande wa Bibi Mkulo: ta. Ta-ta.

Hoza alitokeza kichwa mlangoni, ameduwaa. Stamili alizishika mbavu zake asicheke. Mti ule uliisikiliza mipodo siku ile, na kiangazi kizima ulikuwa ukijizoeza. Ulipasua mrija mmoja baada ya mwingine kwa ustadi, mitambo yote ikaapa kwamba huyu anakufa.

Bi Sikudhani aliinuka mstari wa mbele. Alikwenda shinani kwa tahadhari kubwa, akainama, akachoma kidole udongoni. Alikitoa kikidondosha maji. Akakionyesha uwanja mzima, watu wakacheka. Kisha akatoa kikombe kidogo kwenye pindo la kanga, akachota maji ndooni, akayamimina mizizini.

"Bi Sikudhani!" Stamili aliita. "Ameshiba huyo!"

"Najua, mwanangu. Sijampa kwa shida yake." Mama yule alikipangusa kikombe kwa kanga. "Lakini hebu tazama anavyojitahidi."

Bibi Mkulo alipohisi lile tone aliacha kugonga mara moja, akarudia kilio chake cha zamani kutoka chini, polepole, kwenye besi. Mhina akamtazama kiongozi wake akingoja amri. Stamili Shemdolwa, aliyejua sasa kila kitu kuhusu mti ule, akainua kifimbo, na kilio kilipofika kwenye zumari, akalia.